Nyumba ya Majengo: shajara ya mradi kutoka Tanga

Januari 2025

Shajara hii kwanza ni ya watu wa nyumba yetu: Mama hapa Ngamiani, Kaka Chumbageni, Dada Dar es Salaam, na mdogo wetu aliyeko Maskati. Kila mmoja atachanga fedha, basi kila mmoja asome zimekwenda wapi. Tumekubaliana isomwe na yeyote, kwa sababu watu wa Tanga wenye nyumba ng'ambo ya Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ni wengi na kila mtu anahangaika kivyake.

Nyumba yenyewe iko Majengo, kisiwani Mombasa. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, koridoo katikati, ua nyuma, choo na jiko uani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Marehemu Baba aliijenga alipokuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini, zama hizo bandari zote za huku zikiwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vyumba vinne vina wapangaji. Cha tano kimefungwa kwa kuwa dari limeanguka. Cha sita kina vitu vya Baba.

Hali ya paa ni mbaya. Mabati yameliwa na kutu upande wa baharini, boriti mbili zimeingia mchwa, na maji ya mvua za vuli yamepenya hadi ukutani. Bomba la maji limekatwa. Wapangaji wananunua mitungi ya mkokoteni. Kaka alitaka tuanze na paa kabla masika haijaingia, na anayo haki ya kuwa na haraka. Lakini nimeweka karatasi mwanzo wa orodha. Fundi unaweza kumpa fedha na mabati, ila siku jirani au mwenye ardhi akisimama mlangoni na kuuliza kazi hii ni ya nani, fundi hana jibu, na sisi kwa sasa hatuna pia. Jina lililopo kila mahali ni la marehemu.

Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi, na ukishavuka Lunga Lunga, upande wa Kenya, zimebaki kama 100 kufika Likoni, penye feri ya kuingia kisiwani. Mtu anaondoka alfajiri na adhuhuri yuko Mombasa. Lugha ni hiyo hiyo, adhana ni hiyo hiyo, mahamri ni hayo hayo. Ukaribu huo ndio uliotufanya tusiihesabu kuwa nyumba ya ugenini. Kisheria ni ya ugenini, na kazi ya mwaka huu itakuwa kuliheshimu jambo hilo hatua kwa hatua.

Februari

Mirathi. Mahakama ya mwanzo hapa Tanga ilikwisha kumteua Kaka kuwa msimamizi, na kwa mali ya huku hati ile inatosha. Kwa nyumba iliyoko Kenya haitoshi. Mali isiyohamishika hufuata sheria ya nchi ilipo. Wakili wa Mombasa alituonyesha milango miwili: kuipeleka hati ya Tanga Mahakama Kuu ya Kenya igongewe muhuri upya, jambo ambalo Sheria ya Mirathi ya Kenya inaliruhusu kwa hati za nchi za Jumuiya ya Madola, au kufungua shauri kwa Kadhi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka juu ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wameridhia. Sisi sote tumeridhia, tukaenda kwa Kadhi.

Karatasi zilizotakiwa: cheti cha kifo, majina ya warithi wote, maandishi ya kila mrithi kwamba ameridhia (la Maskati ndilo lililochelewa), na barua ya chifu. Hii ya chifu ndiyo iliyotushughulisha. Huku Tanga barua ya namna hiyo huandikwa na ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wetu anatujua hadi wajukuu. Kule anayeandika ni chifu, mtumishi wa serikali, na yeye hawezi kuthibitisha warithi ambao hajapata kuwaona. Walitusimamia wazee wa mtaa, watu waliokuwa wakicheza bao na Baba barazani. Walikwenda ofisini na kutamka kwamba wanamjua marehemu, wanamjua mjane wake na wanajua ana watoto wanne. Nawashukuru kwa maandishi haya. Wazee hao nao hawatakuwapo milele. Mwenye mzazi aliye hai na nyumba nchi ya pili, aiandike orodha ya warithi na kuithibitisha leo, mzazi mwenyewe akiwa ndiye anayetamka.

Mama anapata thumuni yake, kinachobaki ni chetu, wanaume mafungu mawili na wanawake fungu moja. Hapo hapakuwa na mabishano.

Mabishano yalikuja kwenye swali la pili: tunarithi nini hasa? Kwa maana nyumba ni yetu na ardhi si yetu. Msomaji wa Tanga asiyeijua Mombasa atashangaa. Ukanda wa pwani ya Kenya, ule wa maili kumi, ulisajiliwa kwa sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, na sehemu kubwa ya ardhi iliyodaiwa wakati ule ikaandikwa kwa familia chache. Wengine walipangishwa mahali pa kujenga. Hadi leo Majengo, Kisauni na kwingineko Mombasa kuna maelfu ya watu wenye nyumba bila ardhi: kuta, paa na milango ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa ijara ya kiwanja. Hati ya kumiliki haipo. Kinachoonyesha kwamba nyumba ni yako ni risiti za ijara.

Baba alizitunza. Zote zimo ndani ya bahasha za bandarini, kila mwaka na bahasha yake, na mahali risiti ilipopotea ameandika kwa mkono wake tarehe aliyolipa na aliyempokelea. Wakili alipoziona alisema tuko mahali pazuri kuliko wengi. Tumezipiga picha zote, tumetoa nakala, nakala zimethibitishwa. Bahasha zenyewe zimerudi Tanga.

Mwenye ardhi ni mzee wa makamo ya Baba. Nilikwenda kumsalimia nikiwa na Kaka, tukamlipa ijara iliyokuwa imelala tangu msiba. Alitupokea vizuri sana. Akasema, "Mwanangu, mimi na babako hatudaiani. Lakini nikifa mimi, wanangu watakujueni kwa lipi?" Tukamwomba risiti mpya zitoke kwa jina la warithi wa marehemu, naye akakubali hapo hapo, akaandika.

Machi

Mwezi wa Ramadhani, safari ni chache. Tumeshughulikia fedha.

Wapangaji wanalipa kwa M-Pesa. Kutuma kati ya Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Tanzania kumewezekana tangu 2015, kwa hiyo njia ipo. Ugumu ni makato ya kutuma, kubadilisha shilingi ya kule kuwa ya huku, halafu kuirudisha tena kule tunaponunua misumari. Fedha inapoteza uzito kila inapovuka. Tumeamua kodi ya wapangaji isije Tanga kabisa. Itakaa Mombasa, ilipe ijara, maji na matengenezo ya nyumba yenyewe, na mchango wetu wa huku uende mara moja tu kwa kazi kubwa.

Mpangaji mmoja alikuwa amesimamisha malipo tangu Baba afariki. Dada alikasirika akataka atolewe. Nilizungumza na mpangaji huyo kwa simu, naye akaniuliza jambo la haki kabisa: "Nikimlipa mmoja wenu, mwingine akija kudai nitamwambia nini?" Alikuwa akiweka akiba. Tulipompelekea barua yenye sahihi zetu sote na nakala ya uamuzi wa Kadhi, alilipa yote.

Sasa kodi ya serikali, na hapa ndipo ugeni unapouma. Kenya ina kodi ya mapato ya pango la nyumba za kuishi. Kwa mkazi ambaye pango lake kwa mwaka ni kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15, ni asilimia 7.5 ya pango, kiwango kilichoshuka kutoka 10 mwanzoni mwa 2024. Asiye mkazi hayumo katika mpango huo. Kwake pango hukatwa asilimia 30, tena kabla ya kutoa gharama yoyote. Jirani yetu wa ukuta mmoja na sisi, nyumba sawa, vyumba sawa, yuko kwenye 7.5 na sisi tuko kwenye 30.

Kaka aliuliza kama hakuna namna. Mkazi kwa sheria ya Kenya ni mtu aliyekaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au mwenye makazi yake ya kudumu kule ambaye alifika hata kwa muda mfupi mwaka huo. Tuna kile chumba cha sita. Kama chumba kilichofungwa chenye vitu vya marehemu kinahesabika kuwa makazi ya kudumu ya mtu fulani kati yetu, hilo tumemwachia mshauri wa kodi alipime kwa maandishi. Ushauri wangu kwa ndugu ni kwamba hadi atakapojibu, tupange bajeti kwa 30. Kuna watu wanaopokea pango kimya kimya kupitia simu ya binamu, na najua hesabu yao ni tamu, lakini siku utakapotaka kuuza au kuandikisha chochote utaulizwa namba yako ya mlipakodi, ile PIN, na historia yake yote itafunguliwa. Bila PIN huandikishi hati ya ardhi, hulipi amana ya maji wala ya umeme. Kaka ameomba ya kwake kama msimamizi wa mirathi, kwa pasipoti, kupitia wakala wa kodi.

Aprili na Mei

Masika imeingia kwa nguvu, paa limefunikwa turubai. Haya ndiyo maandishi marefu zaidi ya shajara, na mengi yanahusu jinsi ya kusimamia kazi usiyoiona.

Fundi wa kwanza alikuja kwa sifa nzuri. Makubaliano yalikuwa mabati ya geji 28, mbao zilizotiwa dawa badala ya boriti za mikoko (ukataji wa mikoko unasimamiwa kwa ukali pande zote mbili za mpaka, na boriti nzuri zimekuwa adimu), na misumari ya bati yenye kofia na mpira. Picha alizotuma zilipendeza. Mabati yanang'aa, mafundi wanacheka. Kumbe geji haionekani kwenye picha. Binamu yetu wa Likoni, mtoto wa mama mkubwa, alivuka feri siku moja baada ya kazi, akapanda ngazi, akasoma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye bati: geji 32. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa bati jembamba halifiki mbali. Mabati yalikuwa bado hayajapigiliwa. Yalirudishwa dukani, fundi akalipwa kazi ya kuezua peke yake, tukaachana kwa amani.

Tangu hapo utaratibu ni huu, na umefanya kazi. Vifaa ananunua binamu, akiwa na orodha yetu, na risiti inapigwa picha pamoja na chapa ya kifaa chenyewe. Kila picha ya kazi iwe na futi ya kupimia ndani yake na karatasi yenye tarehe. Malipo hufuata hatua na hayafuati wiki: kenchi zimesimama, lipa; mapapi yamepigwa, lipa; bati limekamilika na limemwagiwa maji kwa mpira tukitazama kwenye simu, lipa. Na fundi apewe heshima yake. Kumpigia mtu simu ya picha kila saa ni kumvunja moyo, kwa hiyo tuliweka saa moja tu ya jioni, kabla hajaosha mikono.

Ukuta ulikuwa somo jingine. Fundi wa pili alipoona plasta inabomoka alipendekeza tuipige upya kwa saruji, na ndivyo nyumba nyingi za mtaa ule zilivyofanywa. Nilikataa, na Kaka alinilaumu kwa gharama, basi naeleza hapa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Jiwe lenyewe limetoka baharini na lina chumvi. Ukilifunika kwa saruji ngumu, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inabanduka vipande vipande ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Chokaa ni laini, inapumua, na ikichakaa inachakaa yenyewe bila kuliharibu jiwe. Mafundi wa Mji wa Kale wa Mombasa wanalijua hili tangu enzi, nasi Tanga hatuna udhuru wa kutolijua, kwa maana tumekulia karibu na mawe ya chokaa ya Amboni na tanuru zake.

Na chokaa ilitoka huku huku. Tulilinganisha bei, ya Tanga pamoja na usafiri ilikuwa afadhali. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa thamani yake haizidi dola 2,000, inavushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani, na ushuru wa forodha haulipwi. Ada nyingine zipo, na anayevusha ajiandae kusubiri, lakini njia hiyo ni halali na inafanya kazi. Dereva alikuwa ameambiwa na watu wa njiani apite kando, kwamba mifuko michache haina maneno. Nashukuru alipita langoni. Sasa tuna karatasi inayosema chokaa ile iliingia Kenya kihalali, nayo imewekwa kwenye faili la nyumba.

Chokaa imezimwa uani, imelazwa, plasta imeanza upande wa kusini. Fundi wa chokaa ni mzee wa Mji wa Kale aliyeletwa na wazee wa baraza. Anafanya kazi polepole, anarushia maji ukuta asubuhi na jioni, na hataki kuharakishwa. Simharakishi.

Mwisho wa Mei paa limekamilika. Mvua kubwa ya usiku ilipita, chumba cha tano kikabaki kikavu.

Juni

Mwenye ardhi ameita wenye nyumba wote wa kiwanja chake. Anazeeka, anataka kuuza, na amesema anapenda kuwauzia walio juu ya ardhi kabla ya kumuuzia mgeni. Ni jambo jema sana alilolitenda, kwa kuwa wapo wamiliki waliouza kwa tajiri mmoja na kuwaacha wenye nyumba wakipambana na amri za kubomoa. Kwa majirani zetu, jibu ni rahisi kama fedha ipo. Kwetu sisi kuna maswali.

Je, tunaruhusiwa? Ndiyo, kwa kipimo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa kwamba ni ya milele, kwake itahesabiwa kuwa ya miaka 99. Majirani watapata umiliki wa moja kwa moja, sisi tutapata miaka 99. Ushuru wa stempu kwa mjini ni asilimia 4 ya thamani, kwa raia na kwa mgeni.

Mjomba wa Vanga, upande wa Kenya karibu na mpaka, alisikia habari hizi akatushauri tuache Majengo, tununue kiwanja kwao, bei ni rahisi na ni hatua chache kutoka kwetu. Nilimjibu kwa adabu na sababu. Sheria ya Ardhi ya Kenya, kwa mabadiliko ya 2016, imeweka ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, na ile ya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini, kuwa ardhi yenye udhibiti: asiye raia hafanyi nayo shughuli bila idhini ya maandishi ya waziri. Vanga iko ndani ya kilomita hizo, na iko ufukweni. Shamba nalo ni zito vile vile, maana ardhi ya kilimo haiuzwi kwa asiye raia bila msamaha wa Rais. Majengo, katikati ya mji, haimo katika vizuizi hivyo.

Kabla hatujasema Kenya inatubana, tutazame huku kwetu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Namba 4 ya 1999, haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Binamu yetu wa Likoni akitaka nyumba ya kupumzikia Raskazone, hapa Tanga, mlango wake ni mwembamba kuliko wetu wa Majengo. Na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayofanya kazi tangu Julai 2010, inatamka katika ibara ya 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Watu wanavuka, chokaa inavuka, fedha inavuka. Ardhi imebaki kila mtu na yake.

Hapo ndipo wazo la kuandikisha ardhi kwa jina la binamu lilipokuja. Ni raia, ni ndugu, ni mwaminifu, ndiye aliyepanda ngazi kusoma geji. Nusu ya familia ililipenda. Mimi nalipinga kwa nguvu zangu zote, na nimemwambia yeye mwenyewe uso kwa uso ili asidhani kuna shaka naye. Hati inamjua aliyeandikwa. Binamu akifa, na sisi sote tutakufa, kiwanja kitagawiwa mke wake na watoto wake, nao watakuwa na haki mbele ya Kadhi. Akikopa benki, akidaiwa, akiachana na mkewe, kiwanja kimo. Tutakuwa tumempa mtu mwema mzigo ambao wanawe wataubeba bila kujua ulivyoanza. Alinisikiliza, akasema, "Dada, umenipunguzia usingizi mbovu." Amekataa kuandikwa, na hilo limefungwa.

Kuna njia nyingine, na ilimhusu Mama. Mama alizaliwa Vanga kabla ya uhuru, kwa wazazi wa hapo. Aliolewa na Baba, akachukua uraia wa Tanzania. Katiba ya Kenya, kifungu cha 14, inamruhusu raia wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine auombe tena. Akiupata, ardhi inaandikwa kwa jina lake bila kikomo cha miaka. Lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Siku anapouchukua wa Kenya kwa hiari yake, wa huku unakoma. Tulimweleza yote, tukamwacha afikiri. Alijibu baada ya swala ya magharibi. "Mume wangu kalala hapa. Wanangu mko hapa. Mimi niwe natafutiwa kibali cha kukaa Ngamiani kwa sababu ya kiwanja?" Hakuna aliyeongeza neno.

Julai

Wizara ya Viwanda na Biashara ya Tanzania imetangaza biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya huku. Kule Mombasa maneno yamekuwa mengi, na mpangaji mmoja alimuuliza binamu kama sasa Watanzania nao watafukuzwa nyumba zao. Si hivyo, lakini nimeelewa hofu yake. Mama alitukumbusha 1977. Jumuiya ilipovunjika, shirika la bandari lilivunjika nalo, Baba akarudi Tanga, na mpaka ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote hakuiona nyumba yake. Kaka wa Mama ndiye aliyekuwa akilipa ijara na kutunza risiti. Ndiyo sababu baadhi ya bahasha zina mwandiko usio wa Baba, jambo ambalo sikulielewa nilipozipanga Februari.

Mama akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwamba hata Baba, pamoja na kujulikana kwake kote, nyumba ilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu upande ule. Nakubaliana naye. Nyumba iliyo nchi nyingine inahitaji mtu wa karibu, na mtu huyo anahitaji karatasi ya kumruhusu, yenye mipaka, ili aweze kufanya kazi bila kuwa mwenye mali. Binamu hatakuwa mmiliki. Atakuwa wakala wetu.

Hati ya uwakilishi imeandikwa na wakili hapa Tanga mwenye mamlaka ya kuthibitisha viapo na nyaraka, ikasomwa kwa sauti mbele ya Mama na sisi wote. Inamruhusu kupokea pango, kulipa ijara, maji, umeme na kodi, kusimamia mafundi, na kufika ofisi yoyote kwa niaba yetu. Haimruhusu kuuza, kuweka rehani wala kuingiza mpangaji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Anapata fungu la pango kila mwezi, na limeandikwa kwa asilimia. Undugu hauzuii mtu kulipwa. Nauli ya feri haipo kwa mwenda kwa miguu, lakini muda wake ni mali.

Agosti

Hati ya uwakilishi imesajiliwa Mombasa. Wiki iliyofuata binamu alikwenda nayo ofisi ya maji, akalipa deni la zamani na amana mpya, na mita ikafungwa. Wapangaji wamepiga simu kushukuru. Umeme ni wa tokeni, hauna maneno.

Kuhusu ardhi, tumemjibu mwenye ardhi kwa barua: tuko tayari kununua pamoja na majirani, kwa ukodishaji wa miaka 99, kwa majina ya warithi wote watano na hisa za kila mmoja zikiwa zimetajwa kama alivyozigawa Kadhi. Masharti yetu ni matatu. Upekuzi wa hati ufanywe kwanza kuhakikisha ardhi haina deni wala zuio. Mpimaji aliyesajiliwa akigawe kiwanja kikubwa na kila nyumba ipate namba yake kabla ya fedha kutoka. Na wakili wetu asiwe ndiye wakili wake. Mzee hakuona ubaya. Majirani wawili wameomba watumie wakili wetu, na gharama ya upimaji tutagawana wote wa kiwanja.

Mshauri wa kodi naye amejibu: chumba kilichofungwa hakitoshi, tuendelee na 30. Tumepokea. Pango lililobaki linatosha ijara na matengenezo, halitoshi faida, na Dada ameuliza kama kuna maana ya kuendelea. Hoja yake ni ya haki, na tumekubaliana tutaipigia kura baada ya upimaji, bei ikishajulikana. Kura yangu naitaja mapema: tubaki, kwa sababu nyumba ya mawe yenye paa jipya, risiti zilizotimia na hati ya miaka 99 ina thamani hata kwa atakayetaka kuuza, na nyumba isiyo na hati haina bei ya kweli.

Plasta ya chokaa imefika koridoo. Mpimaji anatarajiwa wiki ya pili ya Septemba, na binamu ndiye atakayekuwapo kuonyesha mipaka, pamoja na Kaka. Mdogo wa Maskati, mchango wako wa upimaji bado haujafika. Tuma moja kwa moja kwa akaunti ya wakili Mombasa, usipitishe Tanga.